Je, Mtengenezaji wa Kompyuta Abadilishe Prosesa? Safari Tatu za Kampuni ya Apple



Katika makala hii tutatazama swali ambalo wenye viwanda vya kompyuta hulikabili mara chache, lakini likijibiwa vibaya huwatia hasara watu wengi ambao hawakuulizwa. Kampuni imetengeneza kompyuta kwa miaka mingi. Wateja wamenunua programu, wamezizoea, wameandika humo hesabu zao, vitabu vyao na barua zao. Kisha kampuni inaona kuwa prosesa iliyomo ndani haifai tena. Je, iitupe na kuweka ya aina nyingine kabisa, au ivumilie?

Kampuni ya Apple ya Marekani imelijibu swali hili mara 3 kwa kompyuta zake za Macintosh: mwaka 1994, mwaka 2006 na mwaka 2020. Mara zote ilijibu ndiyo, na mara zote ilisalimika. Wapo waliojaribu wakaangukia pua, nao tutawataja. Lakini kwanza yatupasa tufahamu ni kitu gani hasa kinachobadilika.

PROSESA INASOMA NINI?

Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayotekeleza kazi. Haijui Kiswahili, wala Kiarabu, wala Kiingereza. Inajua amri fupi fupi tu: chukua namba hii, ijumlishe na ile, zilinganishe, ruka uende mahali fulani. Kila amri ina namba yake, na namba hizo zimepangwa na wale waliobuni prosesa hiyo.

Ipo amri moja ya kuchekesha inayopatikana karibu katika kila prosesa, ambayo maana yake ni "usifanye lolote, pita uende kwenye amri inayofuata". Katika prosesa za Intel amri hiyo ni namba 144. Katika Motorola 68000, prosesa iliyokuwa ndani ya Macintosh ya kwanza ya mwaka 1984, ni namba 20081. Katika PowerPC ni namba 1610612736. Amri ni ile ile ya kukaa bure, lakini ukimpelekea mmoja namba ya mwenzake ataelewa jambo jingine kabisa, au atakwama. Mkusanyiko wa amri hizo, namba zake na utaratibu wake ndio unaoitwa usanifu wa prosesa. Kampuni ikibadilisha usanifu, programu zote zilizotengenezwa kwa ajili ya ule wa zamani zinakuwa kama maandishi yasiyosomeka.

Nadhani mwanafunzi wa madrasa atalielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Wazee wetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wakaandika barua, hati za mashamba na tenzi. Leo mjukuu aliyesoma herufi za Kirumi peke yake akiletewa barua ya babu yake hawezi kuisoma, ingawa lugha ni yake mwenyewe na lau angesomewa angefahamu kila neno. Mjukuu huyo ana njia mbili. Amtafute mtu wa kumsomea kila anapoihitaji barua, au barua yote iandikwe upya kwa herufi anazozijua.

Programu nazo zina njia hizo hizo mbili. Mwenye programu akiwa bado anao uandishi wake wa asili, anaweza kuigeuza upya kwa ajili ya prosesa mpya, nayo ikaenda kwa kasi yake yote. Lakini huenda kampuni iliyoiandika imeshafungwa, au haioni faida ya kuirudia kazi ile. Hapo inabidi kompyuta yenyewe iwe na mkalimani, yaani programu inayosoma amri za zamani na kuzigeuza ziwe amri mpya. Mkalimani huyu anakula muda na kumbukumbu, kwa hiyo kazi hupungua kasi. Hata hivyo ni afadhali barua inayosomwa polepole kuliko barua isiyosomwa.

SAFARI YA KWANZA

Mwaka 1991 Apple iliungana na IBM na Motorola ili kubuni prosesa mpya, PowerPC, kwa sababu ile familia ya 68000 ilionekana kufika ukingoni. Macintosh za kwanza zenye PowerPC zilitoka Machi 1994. Mkalimani aliwekwa ndani ya mfumo wenyewe, na watu wengi walitumia programu zao za zamani bila kujua kama kuna mtu anawasomea. Waandishi wa programu nao walitoa faili zilizobeba nakala mbili, moja ya kila prosesa, na kila kompyuta ikachukua iliyo yake. Mwaka 1998 mfumo namba 8.5 ukaacha kuzikubali mashine za 68000. Safari hiyo ilikwenda salama kiasi kwamba leo haisimuliwi sana.

SAFARI YA PILI, ILIYOLETA MANENO MENGI

Kwa miaka mingi Apple iliwaambia wateja wake kuwa PowerPC ni bora kuliko prosesa za Intel. Mwaka 1998 ilifika hadi kutoa tangazo la televisheni linalomwonyesha konokono amebeba Pentium mgongoni, akijikokota. Kwa hiyo tarehe 6 Juni 2005, Steve Jobs aliposimama mjini San Francisco na kutangaza kuwa Macintosh zitahamia Intel, wako waliodhani ni mzaha.

Haukuwa mzaha, na sababu zake zafaa kutazamwa kwa utulivu. Mwaka 2003 Jobs aliahidi hadharani kuwa katika miezi 12 ataleta prosesa ya PowerPC G5 yenye kasi ya gigahezi 3. Miaka miwili ikapita, na iliyo kasi zaidi ikawa imefika gigahezi 2.7. Joto nalo lilikuwa tatizo kubwa. G5 za mwaka 2004 zilizokuwa kasi zaidi zilipozwa kwa kimiminika kinachozunguka mabombani, mfano wa rejeta ya gari. Sasa, hebu jaribu kuingiza rejeta ndani ya laptopu! Haikuwezekana. Laptopu za Apple zikabaki na prosesa ya kizazi cha nyuma, G4, wakati huo huo wanunuzi wakizidi kuzikimbilia laptopu.

Je, IBM walishindwa? Kwa maoni yangu neno hilo haliwatendei haki. IBM walikuwa na wateja wengine. Walitengeneza prosesa za mashine kubwa zinazokaa katika vyumba vyenye viyoyozi, na katika miaka hiyo hiyo walishughulika na prosesa za mashine za michezo za Microsoft, Sony na Nintendo. Apple ilikuwa mteja mdogo mwenye haja ya peke yake: kasi nyingi kwa umeme kidogo. Jobs alionyesha mchoro uliodai kuwa kwa kila wati moja ya umeme PowerPC itatoa vipimo 15 vya kazi, na prosesa za Intel zijazo zitatoa 70. Hesabu hiyo ni ya muuzaji mwenyewe, na msomaji ana haki ya kuipunguza kidogo, lakini mwelekeo wake ulikuwa wa kweli. Fundi anayekushonea kanzu anaweza kuwa hodari sana, lakini ikiwa kazi yake kubwa ni mahema, kanzu yako itasubiri.

Jambo lililowashangaza watu zaidi siku ile ni siri iliyofichuliwa. Kwa miaka 5 kila toleo la mfumo wa Mac OS X lilikuwa limetengenezwa pia kwa ajili ya Intel, likajaribiwa, likafichwa. Hili liliwezekana kwa sababu mfumo huo asili yake ni kampuni ya NeXT, ambayo Apple ilikubaliana kuinunua Desemba 1996, na mfumo wa NeXT ulikuwa umeshaendeshwa juu ya prosesa za aina kadhaa. Yaani nyumba ilikuwa na watu wanaojua herufi zote mbili tangu zamani. Asiye na maandalizi ya namna hii, ushauri wangu ni kwamba asubiri, hata kama prosesa mpya inameta kiasi gani.

Kazi ya waandishi wa programu haikuwa nyepesi hata hivyo. Mbali na namba za amri kuna mpangilio wa namba zenyewe. Tukisema 25 kwa Kiswahili tunaanza na kubwa: ishirini na tano. Kwa Kiarabu tumefundishwa kuanza na ndogo: khamsatun wa 'ishruun, tano na ishirini. Namba ni moja, mpangilio ni mwingine. PowerPC za Macintosh ziliihifadhi namba kwa kuanza na kipande kikubwa, na Intel huanza na kipande kidogo. Programu iliyoandikwa bila uangalifu ikihifadhi namba 258 kwenye faili kwa mpangilio wa kwanza, kisha ikaisoma kwa mpangilio wa pili, itaona 513. Kama ni rangi katika picha, utacheka. Kama ni deni la mtu katika daftari la duka, hutacheka.

Mkalimani wa safari hii aliitwa Rosetta. Jina hilo latokana na jiwe lililopatikana mwaka 1799 karibu na mji wa Rashid huko Misri, lenye maneno ya aina moja yaliyochongwa kwa maandishi ya aina tatu, ambalo liliwasaidia wataalamu kuyasoma maandishi ya Misri ya kale. Rosetta ilisoma programu za PowerPC ndani ya kompyuta za Intel. Lakini haikusoma zile za zamani zaidi, za kabla ya Mac OS X. Hizo ziliachwa ng'ambo.

Kompyuta za kwanza za Intel zilitangazwa Januari 2006, na Agosti ya mwaka huo huo orodha nzima ikawa imeshapata mrithi. Kwa Apple huo ulikuwa ushindi mkubwa. Sasa mtazame mteja aliyenunua G5 kwa bei kubwa mwishoni mwa mwaka 2005. Agosti 2009 ukatoka mfumo mpya, namba 10.6, ambao haukuikubali mashine yake, na haikuwa imetimiza hata miaka minne. Julai 2011 ukatoka namba 10.7, na huo haukuwa na Rosetta. Mtu aliyepanga kitabu chake kwa programu ya zamani, ambayo mwandishi wake hakuigeuza, alilazimika kuchagua: abaki na kompyuta ya zamani bila kuongeza mfumo, au apoteze njia ya kukifungua kitabu chake. Gharama ya namna hii haiandikwi katika hesabu za kampuni. Inaandikwa nyumbani kwa mteja, na mara nyingi haiandikwi popote.

WALIOANGUKA

Intel yenyewe, pamoja na Hewlett-Packard, walijaribu kuuhamisha ulimwengu wa kompyuta kubwa kwenda kwenye usanifu mpya ulioitwa Itanium, uliotoka mwaka 2001. Juu ya karatasi ulipendeza. Lakini programu za zamani zilikwenda polepole mno juu yake, na mwaka 2003 mshindani wao AMD akaleta njia nyepesi: aliurefusha usanifu ule ule wa zamani hadi biti 64, na programu za zamani zikaendelea kwenda bila mkalimani. Watu wakamfuata AMD. Intel nayo ikalazimika kuifuata njia hiyo, na Itanium za mwisho zilisafirishwa mwaka 2021.

Microsoft nao mwaka 2012 walitoa kompyuta bapa ya Surface RT yenye prosesa ya usanifu wa ARM. Kwa sura ilikuwa Windows. Mnunuzi alipojaribu kuweka programu zake za Windows za siku zote, zilikataa, kwani hapakuwa na mkalimani kabisa. Julai 2013 Microsoft iliandika hasara ya dola milioni 900 za Marekani kwa ajili ya mashine hizo.

Ukiziweka habari hizi pamoja utaona kuwa ubora wa prosesa hautoshi kuamua. Prosesa ya Surface RT haikuwa mbovu. Kilichokosekana ni daraja.

SAFARI YA TATU

Zamu hii Intel ndiyo iliyokwama. Chipu zake za nanomita 14 zilianza mwaka 2014, na hatua iliyofuata, ya nanomita 10, ilicheleweshwa mwaka baada ya mwaka hadi ikaja kwa wingi mwaka 2019. Wakati huo Apple ilikuwa imejifunza kubuni chipu zake yenyewe. Mwaka 2008 iliinunua kampuni ndogo ya wabunifu, P.A. Semi. Mwaka 2010 ikatoa chipu ya A4 ndani ya iPad, na kila mwaka ikaongeza. Chipu hizo ni za usanifu wa ARM, ule ule unaotumika katika karibu kila simu ya kisasa tunayoishika hapa kwetu. Usanifu huo ulizaliwa Cambridge, Uingereza, katika kampuni ya Acorn mwaka 1985. Apple yenyewe ilikuwa miongoni mwa walioianzisha kampuni ya ARM mwaka 1990, miaka 30 kabla ya kuuingiza katika Macintosh.

Tangazo lilitolewa Juni 2020, na Novemba ya mwaka huo ikatoka chipu ya M1. MacBook Air yake haikuwa na feni hata moja, na bado iliishinda ile ya Intel iliyoitangulia. Mkalimani akaitwa Rosetta 2, na alikuwa na akili zaidi kuliko yule wa kwanza. Badala ya kusoma neno kwa neno wakati wa kazi, aligeuza sehemu kubwa ya programu mapema, kabla haijaanza, akaihifadhi tayari. Tatizo la tano-na-ishirini halikuwepo, kwa kuwa ARM za Apple na Intel hupanga namba kwa namna moja. Kompyuta ya mwisho, Mac Pro, ilihama Juni 2023.

Je, Apple sasa haimtegemei mtu? Hapana. Chipu inabuniwa Marekani, lakini inatengenezwa na kampuni ya TSMC, na kwa sehemu kubwa huko Taiwan. Imeacha kutegemea mbunifu wa nje, haijaacha kutegemea kiwanda cha nje. Na wateja nao wamepoteza kitu. Kompyuta za Intel za Apple ziliweza kuwashwa kwa Windows kamili, hizi mpya haziwezi kwa njia ile. Kumbukumbu imeungwa pamoja na chipu, kwa hiyo fundi wa mtaani hana la kuongeza, ingawa tuseme kweli, laptopu nyingi za Apple kumbukumbu zake zilikuwa zimeshalehemiwa ubaoni hata kabla ya hapo.

Kwa maoni yangu kampuni ilikuwa na haki kuhama mara zote tatu, kwa sababu ile ile. Haikuhama kwa kuwa prosesa ya jirani ilikuwa kasi zaidi mwaka huo, maana kasi hupanda na kushuka. Ilihama kwa kuwa aliyeipa prosesa alikuwa anaelekea kwingine au amesimama njiani. Nisilokubaliana nalo ni umri wa daraja. Rosetta ya kwanza iliishi miaka mitano na kitu, na kuiacha ifanye kazi miaka mingine mitano kusingeifilisi kampuni tajiri namna ile. Watu wa Apple watajibu kuwa mkalimani asipoondolewa waandishi hawatageuza programu zao. Ni kweli, lakini mwandishi aliyefariki au kampuni iliyofungwa haitishiki kwa hilo.

KWA WAZAZI WANAOTAKA KUNUNUA

Jambo hili limefika hadi madukani kwetu, hasa yale ya kompyuta zilizotumika. Juni 2025 Apple ilitangaza kuwa mfumo wa macOS 26 ndio wa mwisho kuzikubali Macintosh za Intel, na kwamba Rosetta 2 itaendelea kikamilifu hadi macOS 27, kisha ibaki kwa ajili ya baadhi ya michezo ya zamani. Na hata huo namba 26 unakubali mashine chache tu za Intel. Kompyuta ya Intel haitazimika siku hiyo. Itaandika, itasoma PDF, itacheza kisomo cha Qur'ani kama kawaida, na fundi anaweza kuiwekea Windows au Linux. Lakini bei yake lazima iwe chini, na muuzaji asikuambie kuwa ni sawa na nyingine.

Angalieni zaidi MacBook Air ya mwaka 2020, maana mwaka huo zilitoka mbili. Ya Machi ina Intel, na macOS 26 haiikubali. Ya Novemba ina M1. Umbo ni karibu lile lile, na yote mawili yataandikwa "2020" kwenye karatasi ya muuzaji. Usihukumu kwa sura. Iwasheni mbele yake, bonyezeni alama ya tunda juu kushoto, chagueni mstari wa kwanza kabisa. Kama pameandikwa Apple M1 mtaiona hapo, na kama ni Intel mtaiona pia, kabla pesa hazijatoka mfukoni.